Mgeni wa Chumba Kilekile

Aliyewahi kuingizwa kwenye grupu la WhatsApp la kamati ya harusi hapa Dar anaijua ile orodha. Inapandishwa asubuhi, inarudiwa jioni: namba, jina, ahadi, kilicholipwa. Ukiipokea huanzi kutafuta jina la bwana harusi. Unatafuta lako, halafu la jirani, halafu la yule mliyesoma naye ambaye mshahara wake unaujua. Yeye katoa laki moja. Mbele ya jina lako pana kistari. Mweka hazina hajakuandikia waraka kuhusu umuhimu wa ndoa, hajataja mila wala maandiko. Kabandika orodha tu, na kabla hujalala muamala umeshatoka kwenye simu yako.

Sasa ingia bafuni katika hoteli yoyote ya daraja la kati hapa jijini, Kariakoo, Upanga au Mikocheni. Kando ya sinki utakuta kadi ya kijani yenye picha ya jani, au dunia iliyokaa juu ya viganja viwili. Inasema, mara nyingi kwa Kiingereza, kwamba maji mengi hupotea kila siku kufulia taulo ambazo hazijachafuka, kwamba mazingira ni yetu sote, kwamba taulo iliyotundikwa itaeleweka kuwa bado unaitumia na iliyoachwa sakafuni itabadilishwa. Nimefanya kazi ya vyumba, baadaye mapokezi, katika hoteli za katikati ya jiji, na kadi hizo nimezifuta vumbi mara nyingi kuliko nilivyomwona mgeni amezishika. Ajabu yake ni hiyo. Jiji linalojua kukusanya mamilioni ya shilingi kwa orodha ya majina, likifika kwenye taulo linaandika kama vile halijawahi kuishi na watu.

Kwamba kadi inaweza kuandikwa vingine si wazo langu. Mwaka 2008 watafiti watatu wa Marekani, Noah Goldstein, Robert Cialdini na Vladas Griskevicius, walichapisha matokeo ya majaribio waliyofanya katika hoteli ya kawaida yenye vyumba 190, kusini-magharibi mwa nchi yao. Wageni hawakujua kama wanachunguzwa. Baadhi ya vyumba viliwekwa kadi ya mazoea: tusaidie kuokoa mazingira, onyesha heshima kwa maumbile. Vingine viliwekwa kadi iliyosema ungana na wageni wenzako, ikaongeza kwamba karibu asilimia 75 ya wageni walioombwa walitumia taulo zao zaidi ya mara moja. Wahudumu wa vyumba ndio waliokuwa wakiandika nani katundika na nani katupa. Kadi ya mazoea ilipata asilimia 35.1 ya wageni. Kadi ya wenzako ilipata asilimia 44.1. Mabomba ni yaleyale, sabuni ileile, bei ya chumba ileile.

Jaribio la pili ndilo linalonifurahisha. Safari hii kadi zilikuwa za aina tano. Moja ilikuwa ileile ya mazingira. Nyingine zilimtajia mgeni kundi: wageni wa hoteli hii, raia wenzako, wanaume na wanawake wenzako, na ya mwisho ikataja wageni waliolala katika chumba hiki, namba ya chumba ikiandikwa. Kadi ya mazingira iliishia asilimia 37.2. Zile za wageni, raia na jinsia zikawa kati ya 40.9 na 44. Kadi ya chumba kilekile ikafika 49.3.

Hebu fikiria mtu aliyelala chumba chako jana. Humjui. Huenda alikuwa mlevi, huenda alikuwa askofu. Ukimwaza sana unaweza hata kuona kinyaa, maana alilalia godoro hilohilo. Watafiti waliwauliza watu wengine ni kundi lipi kati ya hayo lina maana kwao, na watu wakaweka uraia na jinsia juu, mgeni wa chumba kilekile chini kabisa. Hata hivyo ndiye aliyefuatwa. Maelezo yao ni kwamba mtu akiwa mahali asipopazoea haulizi anampenda nani, anauliza hapa watu wanafanyaje. Wahenga walishasema ukienda kwa wenye chongo nawe vunja lako jicho. Hawakusema uwapende kwanza wenye chongo.

Na mtu hatakubali kwamba anafuata wenzake. Cialdini na wenzake, katika utafiti mwingine wa mwaka huohuo wa 2008 ulioongozwa na Jessica Nolan, waliwauliza wakazi wa California kwa nini wanabana matumizi ya umeme. Wakataja mazingira, wakataja faida kwa jamii, wakataja fedha. Majirani waliwekwa mkiani. Takwimu zikaonyesha kinyume: lililokwenda sambamba zaidi na ubanaji wao wenyewe ni kile walichoamini majirani wanafanya. Kwa hiyo meneja wa hoteli akiwapa wageni dodoso la kuuliza ujumbe gani utawagusa, atajibiwa dunia, watoto wetu, vizazi vijavyo. Watu watajibu hivyo kwa moyo mweupe kabisa, na taulo zitabaki sakafuni.

Nirudi nyumbani. Kadi ya kijani inamchukulia mgeni kama mtu asiyejua thamani ya maji. Mgeni gani huyo? Wengi wa waliolala kwenye vyumba nilivyosafisha ni Watanzania: watumishi wa halmashauri waliokuja semina, wafanyabiashara wa mikoani waliofuata mzigo Kariakoo, wazazi waliokuja mahafali, watu wa rufaa za hospitali na ndugu zao. Wengine ni majirani, kutoka Lubumbashi, Lusaka, Moroni. Hawa wamekulia kwenye ndoo. Hata mwenyeji wa Dar mwenyewe, maji yake yanategemea mto Ruvu, na mwishoni mwa mwaka 2022 mto ulipopungua DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji, ilitangaza mgao, tukarudi kupanga madumu, kuvizia siku ya maji na kubembeleza lori la maji lije lijaze simtanki. Mtu wa Kimara au Mbezi hahitaji picha ya dunia kwenye viganja ili ajue maji ni nini. Taulo yake ya nyumbani inatundikwa kwenye kamba uani, na kesho inamsubiri palepale.

Mtu huyohuyo akifika hotelini anaitupa sakafuni. Sababu ya kwanza ataisema mwenyewe: nimelipa. Sababu ya pili haisemi, na kwa macho yangu ndiyo kubwa. Haijui hoteli. Anadhani watu wa hoteli ndivyo wanavyoishi, kila siku taulo mpya, na yeye hataki kuonekana mshamba. Kutundika taulo iliyotumika kunamtia wasiwasi uleule wa kutojua kisu kinashikwa mkono gani.

Kulikuwa na mama mmoja wa makamo kutoka Songea, alikuja mahafali ya mwanawe. Kila nikiingia chumbani kwake nakuta kitanda kimeshatandikwa kuliko ninavyotandika mimi, shuka limenyooka, na taulo imekunjwa imerudishwa rafuni kama haijaguswa, ila ni mbichi. Siku moja tukakutana koridoni. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akanivuta pembeni kwa sauti ya siri: "Mwanangu, hivi hapa mnaruhusu mtu atumie taulo yake tena? Nisije nikawa nawaharibia utaratibu." Nikamwambia, "Mama, wageni wengi hapa wanafanya hivyohivyo, tundika tu hapo kwenye chuma ikauke." Akashusha pumzi. Ilikuwa imekunjwa mbichi kwa sababu alikuwa anaificha.

Ndiyo maana nasema wageni wetu hawana haja ya kufundishwa tabia mpya. Wanayo, wameiacha mlangoni pamoja na viatu kwa kudhani humu ndani haitakiwi. Kazi ya kadi ni kuwaambia kwamba waliotangulia waliingia nayo.

Lakini hoteli zetu zinajua kufanya kinyume chake, na kwa bidii. Gesti ngapi umelala ukakuta karatasi nyuma ya mlango: NI MARUFUKU KUFUTIA VIATU TAULO? Mtu alikuwa hajawaza kabisa kwamba taulo inaweza kufutia viatu. Sasa anajua, na anajua pia kwamba wengi wamefanya, la sivyo nani angehangaika kuchapisha? Nenda nje ya gesti hiyo, tazama ukuta: USIKOJOE HAPA, FAINI 50,000. Harufu yenyewe inakuthibitishia kwamba tangazo limesomwa na watu wengi. Kwenye kona ya pili kuna kibao cha usitupe taka, na lundo limekizunguka mpaka shingoni. Kibao kinakataza kwa maandishi, lundo linaruhusu kwa mfano, na mpita njia mwenye mfuko mkononi anaamini lundo.

Cialdini alilipima hili katika hifadhi ya Petrified Forest, Arizona, ambako kuna mabaki ya miti ya kale iliyogeuka mawe na wageni hupenda kuondoka na vipande mfukoni. Njiani vilitawanywa vipande vilivyowekewa alama. Kibao kimoja kililalamika kwamba wageni wengi waliopita wameondoa mawe hayo na kuibadilisha hali ya msitu. Hapo asilimia 7.92 ya vipande viliibwa. Kibao kingine kiliomba tu mawe yasiondolewe, kikiwa na picha ya mgeni mmoja peke yake akiiba. Hapo vikaibwa asilimia 1.67. Kilio cha kwamba kila mtu anaharibu kiligeuka kuwa mwaliko.

Tumeliona kwenye mifuko ya plastiki pia. Tarehe 1 Juni 2019 katazo lilipoanza, sheria ilikuwa na meno na faini zilitajwa, lakini kilichonishangaza mimi ni kasi ya macho ya watu. Haikuchukua muda mtu akishika rambo Kariakoo anaangaliwa kama kashika kitu cha wizi. Kisha vikaanza kuonekana vile vifuko vyepesi vya kufungashia, vinageuzwa kuwa mifuko ya kubebea nyanya na vitunguu. Kimoja, viwili, genge zima. Sheria haikufutwa. Macho ndiyo yalizoea.

Basi kadi ya hoteli iandikwe vipi? Kwanza isiseme uongo. Hili nalisisitiza kwa sababu najua meneja akisikia habari ya asilimia 75 atakachofanya ni kumpigia mchapishaji simu jioni hiyohiyo. Ile asilimia 75 ya kadi za Marekani ilikuwa na maana yake: wageni waliotumia taulo tena angalau mara moja katika muda wote wa kukaa. Watafiti wao walihesabu siku ya kwanza tu mgeni alipoweza kushiriki, ndiyo maana hesabu zao ziko chini. Hoteli ya Kariakoo haiwezi kuazima namba hiyo. Wageni wanaongea. Mhudumu naye anaujua ukweli, na mhudumu akiulizwa na mgeni "kweli wengi wanafanya hivi?" halafu akacheka, kadi imekufa.

Hesabu yenyewe si ngumu. Kila asubuhi mhudumu anatembea na karatasi ya vyumba: nani anaondoka, nani anaendelea, chumba kipi kimechafuka. Ongeza safu moja kwa wanaoendelea: taulo imetundikwa au imeangushwa. Baada ya mwezi unajua. Na nina dau kwamba hoteli nyingi za wageni wa ndani zitashangaa namba ilivyo kubwa hata kabla ya kadi yoyote, ukiwahesabu na wale wanaozikunja na kuzificha kama mama wa Songea.

Hapo linakuja jambo lililotokea Ujerumani. Mwaka 2014 Gerd Bohner na Lena Schlüter walichapisha matokeo ya kurudia majaribio haya katika hoteli mbili za huko. Kadi zilisaidia kuliko kutoweka kadi kabisa, lakini kadi ya wenzako haikuishinda kadi ya mazingira, na waliokuwa wakitumia taulo tena walikuwa wengi tangu mwanzo. Mwaka 2016 Benjamin Scheibehenne na wenzake walizikusanya tafiti za namna hiyo wakazipima pamoja, na uzito wa jumla bado uliegemea upande wa kadi ya wenzako. Mimi nayasoma hivi: ujumbe huu una nguvu pale ambapo mtu anakosea kuhusu wenzake. Akiwa anajua tayari kwamba kila mtu anatundika, hujamwambia kitu. Mgeni wa Dar anakosea sana kuhusu wenzake, kwa hiyo nafasi ipo.

Ipo na hatari yake. Mwaka 2007 kundi hilo la kina Cialdini, wakiongozwa na Wesley Schultz, waliwapelekea wakazi wa San Marcos, California, taarifa ya umeme wanaotumia wao na wastani wa mtaa. Waliokuwa juu ya wastani walipunguza. Waliokuwa chini waliongeza! Waliona kumbe tunajinyima bure. Ilipochorwa sura yenye tabasamu kando ya namba zao, ongezeko lile likazimika. Kwa mgeni anayeendelea kutundika, tabasamu ni karatasi ndogo ya mhudumu juu ya kitanda: asante kwa kututunzia maji. Kwa mkono, kwa Kiswahili, bila nembo ya kampuni. Nimewaona watu wazima wakiweka karatasi kama hiyo kwenye pochi.

Kwa lugha ningeandika hivi: "Wengi wa waliolala chumba hiki zaidi ya usiku mmoja walitundika taulo zao na kuzitumia tena. Karibu nawe. Ukihitaji nyingine, iache sakafuni, tutakubadilishia bila swali." Sentensi ya mwisho ni muhimu hapa kwetu. Mgeni aliyelipa anataka kujua kwamba haki yake iko palepale, na akishajua hana haraka ya kuidai.

Kwa semina nisingetumia chumba hata kidogo. Watu arobaini wa wizara moja au mradi mmoja wamelala hoteli moja wiki nzima, wanajuana kwa vyeo na kwa mikoa, jioni wanakaa meza moja. Hao ni kundi tayari. Mratibu akisema asubuhi kabla ya mada ya kwanza kwamba jana zaidi ya nusu yenu mlitundika taulo, chai haijaisha watu wataulizana nani kati yao ni wa nusu ya pili. Ila asitaje vyumba. Orodha ya majina ni ya harusi. Hotelini mgeni ana faragha yake, na ukianza kumtaja mtu kwa taulo kesho atahamia hoteli ya jirani.

Nikishafika kwenye semina siwezi kupita bila kusema la chakula. Huko Norwe, Steffen Kallbekken na Håkon Sælen walishirikiana na hoteli 52 za kundi moja, na mwaka 2013 wakachapisha matokeo. Baadhi zilipewa sahani ndogo zaidi. Nyingine ziliweka kibao kinachomkaribisha mgeni arudi kuchukua tena na tena, kwamba kurudi mara nyingi ni bora kuliko kujaza mara moja. Kila njia ilipunguza chakula kinachotupwa kwa takribani asilimia 20. Kibao hakikuhubiri njaa duniani. Kilimwondolea mtu aibu ya kurudi.

Nani kati yetu hajui aibu hiyo? Bufee la semina lina sheria zisizoandikwa. Kurudi mara ya pili ni ulafi, kwa hiyo mara ya kwanza unajenga mlima: pilau, wali mweupe juu ya pilau, ndizi, chipsi, maharage pembeni, kachumbari kileleni. Anayepakua nyama amesimama na koleo lake anakutolea kipande kimoja na macho, na macho yale yanakufanya ufidie kwenye wanga. Nusu inabaki. Nimeona ndoo za mabaki zikitoka jikoni mchana, na anayefurahi ni mfuga nguruwe peke yake. Kibao cha "karibu tena, chakula kipo mpaka saa nane" na mpakuaji aliyeambiwa atabasamu vingefanya kazi kuliko bango lolote la kijani. Chupa ndogo za maji nazo ni hivyohivyo: zinaachwa nusu mezani kwa sababu baada ya chai hakuna anayejua ipi ni yake. Kalamu ya kuandikia jina juu ya lebo inatosha. Mtu wa kwanza akiandika, meza nzima inaandika.

Yote haya yanavunjika mara moja hoteli ikiwa yenyewe haifanyi. Mgeni naye anasoma mazoea ya mwenyeji. Anaombwa atunze maji wakati mfereji wa bustani unamwagilia lami saa saba mchana. Anaombwa azime kiyoyozi wakati ukumbi mtupu umepozwa mpaka kioo kinatoa jasho. Ndiyo maana kile kishimo cha mlangoni, kinachozima umeme wa chumba ukichomoa kadi, kimeshindwa vibaya hapa kwetu. Wageni wanachomeka kadi ya bima ya afya, kadi ya benki ya zamani, hata kipande cha boksi la dawa ya meno, wanaondoka na chumba kinabaki baridi mpaka jioni. Na wanafundishana kwenye lifti. Tulitegemea mtambo, wakatushinda kwa ushirika.

Baya zaidi ni hili la ndani: mgeni anatundika taulo, jioni anarudi anakuta mpya. Wahudumu hatufanyi hivyo kwa ubishi. Msimamizi anakagua chumba kwa orodha, na taulo iliyotumika inaonekana ni uzembe. Mgeni mmoja akilalamika ni wewe utakayeitwa ofisini, wageni kumi wakiridhika hakuna anayekuita. Kwa hiyo unabadilisha kila kitu ili ulale salama. Mgeni anahitimisha kwamba kadi ni mapambo, na kesho yake anatupa sakafuni. Hoteli isiyobadilisha kwanza karatasi ya ukaguzi isipoteze fedha kuchapisha kadi. Shaka ya aina hii ni ya zamani: mwaka 1986 mwanamazingira wa Marekani Jay Westervelt alizishambulia hoteli kwa kuwaomba wageni wahifadhi taulo kwa jina la mazingira huku zenyewe zikifanya machache mno. Goldstein na wenzake walikuja kuonyesha mwaka 2011 kwamba kadi inayoahidi mchango kwa shirika la mazingira endapo wageni watashiriki haina nguvu ya ziada, ila hoteli ikitangulia kutoa mchango kwa niaba ya wageni, kisha ikaomba, watu wanaitikia zaidi. Hapa Dar mchango huo ungeweza kuwa tangi la maji katika shule ya msingi ya mtaa uleule, mahali mgeni akipita anaona.

Kuna watu wasiotajwa katika tafiti hizi zote: wa dobi. Katika hoteli niliyofanyia kazi muda mrefu, chumba cha kufulia kiko nyuma, kina joto la tanuri, na nusu ya wanaofanya kazi humo ni vibarua wa kulipwa kwa siku. Maji ya kisima cha hapo yana chumvi, sabuni haitoi povu mpaka umimine nyingi, kwa hiyo kila taulo isiyofuliwa ni akiba ya kweli ya sabuni, umeme na pesa ya lori la maji. Pia ni kibarua mmoja asiyeitwa kazini Jumatano. Sipendi kuona wanaoandika kuhusu hoteli za kijani wakiruka hapo. Kama akiba inaingia yote kwa tajiri, mhudumu na mtu wa dobi hawana sababu ya kuiheshimu taulo iliyotundikwa, na nimeeleza jinsi wanavyoweza kuiua kadi bila kelele. Sehemu ya akiba igeuzwe ajira ya kudumu kwa wachache wao, au posho ya kila mwezi, na ibandikwe kwenye ubao wa wafanyakazi kwa hesabu wanayoweza kuikagua.

Meneja mmoja niliyemweleza haya alinisikiliza mpaka mwisho, akauliza kadi mpya zitagharimu kiasi gani. Nikamwambia aanze na ghorofa moja, aandike kwa mkono, baada ya mwezi wa kuhesabu. Hilo alilikubali. La vibarua alisema tutalizungumza, na kila nikipita pale namuuliza lini.